Maswali na majibu: mzabibu, redio mbao na "lisemwalo lipo"

Wamarekani husema wamepata habari "kupitia mzabibu". Mbona sisi wa Dodoma, wenye zabibu zetu, hatuna msemo huo? (Msomaji, Hombolo)

Asili yake ni telegrafu. Mwaka 1844 Samuel Morse alituma ujumbe kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore, na nyaya zikaenea. Habari zilizopita mdomo kwa sikio zikaitwa telegrafu ya mzabibu. Wewe uliye Hombolo unaliona hilo shambani: waya umenyooka nguzo hadi nguzo, mzabibu umejisokota juu yake, hujui tawi lipi limeanzia wapi. Lakini usiudharau. Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani, aliandika mwaka 1901 kwamba mtumwa aliyetumwa posta alikawia pale akisikiliza wazungu wakijadili barua zao, na wenzake wakajua matokeo ya vita kabla ya mabwana zao. Habari ile ilikuwa na mtu aliyeisikia kwa masikio yake.

Nasi tunao wetu: redio mbao. Watangazaji, acheni kututafsiria mzabibu neno kwa neno.

Uvumi na tetesi vina tofauti?

Uvumi huvuma, kama ngoma ya muheme unayoisikia toka kijiji cha pili usimwone mpigaji. Tetesi ni za kuteta, chinichini.

Nikisambaza ujumbe wa WhatsApp nilioletewa, kosa ni la nani?

Ukijua ni uongo na ukausambaza ili kudanganya, ni lako. Soma kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

"Lisemwalo lipo" si maana yake kila uvumi una ukweli? Hata makao makuu Dodoma yalisemwa, yakaja.

Hapana. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno. Malizieni methali: "kama halipo, laja". Inamtahadharisha anayesikia, haimpi msemaji ruhusa ya kutangaza. Na makao makuu hayakuwa uvumi. TANU iliamua mwaka 1973. Kilichochelewa ni utekelezaji, hadi Serikali ilipoanza kuhamia kweli mwaka 2016. Uvumi ni ule uliofuata: "Barabara inapita hapa, uzeni mapema." Jirani yangu aliuza ekari mbili za zabibu kwa maneno hayo ya kijiweni. Nilimsaidia kung'oa nguzo, waya tukauviringisha, mizabibu ikabaki imelala chini na vichala vibichi. Barabara haikupita. Dalali aliyeyaleta maneno ndiye aliyemleta mnunuzi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda ofisi ya ardhi kuomba kuona ramani.