Kidevu Kimekufa Ganzi na Kioo Kinanitisha: Maswali Baada ya Upasuaji wa Taya

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 23, ninaishi Morogoro. Tangu utotoni taya langu la chini lilitangulia mbele kuliko la juu, meno ya mbele hayakukutana, na hata kukata kipande cha mkate kwa meno ilikuwa kazi. Baada ya kuvaa vyuma vya meno kwa karibu miaka miwili nilifanyiwa upasuaji wa mataya yote mawili, na leo ni siku ya 17. Maumivu si makali kama nilivyoogopa, lakini mdomo wa chini na kidevu vimekufa ganzi, uji unanidondoka bila mimi kujua, na uso ninaouona kwenye kioo siutambui. Shangazi alipokuja kunijulia hali aliangua kilio, akasema nimepata kiharusi. Usiku ninalia na kujiuliza kwa nini nilikubali. Je, nilikosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nianze na shangazi yako, kwa sababu naona neno lake limekuumiza kuliko jeraha lenyewe. Kwa maelezo yako, hiki si kiharusi. Usoni kuna mishipa ya fahamu inayopita njia tofauti: upo unaoamuru misuli itabasamu, ifumbe macho na kukunja midomo, na upo unaopeleka kwenye ubongo habari za mguso, joto na baridi. Huu wa pili, katika taya la chini, hupita ndani ya mfupa wenyewe kama waya ndani ya bomba, kisha hutokeza karibu na kidevu. Njia inayotumika zaidi ya kusogeza taya la chini, ambayo daktari Hugo Obwegeser aliianzisha katika miaka ya 1950, huupasua mfupa huo kwa urefu wake, kulia na kushoto, ili sehemu yenye meno iweze kupelekwa mbele au kurudishwa nyuma. Na kwa kuwa mshipa umo humo humo, ni vigumu usivutwe au usisukwesukwe, hata mkono wa daktari uwe mwepesi namna gani. Hisia imepotea, lakini ukiambiwa utabasamu midomo husogea, ijapokuwa kwa uzito wa uvimbe. Mwonyeshe shangazi tabasamu hilo.

Kwa watu wengi ganzi hii huondoka polepole, kwa majuma na miezi, kwa sababu nyuzi za fahamu zilizoumia huota upya kwa kasi ya takriban milimita moja tu kwa siku. Dalili za kurudi kwa hisia mara nyingi hazipendezi: utahisi sisimizi wakitambaa kidevuni, au kama umepigwa na shoti ndogo ya umeme, au mwasho usiokunika. Wapo wanaobaki na eneo lisilo na hisia kamili hata baada ya mwaka, hasa waliopasuliwa wakiwa na umri mkubwa, na hilo ulipaswa kuelezwa kabla hujatia saini. Kwa sasa ninachokihofia zaidi ni uji wa moto. Mdomo usiohisi huungua kimya kimya, kwa hiyo pima joto la uji kwenye kiwiko cha mkono kama mama anavyopima maji ya kumwogeshea mtoto, na uweke leso mezani bila kuona haya.

Kuhusu uso, uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, hupungua haraka katika wiki mbili hadi tatu za mwanzo, kisha huanza kujikokota. Mabaki yake yanaweza kuchukua miezi sita, na kwa wengine mwaka mzima, kuisha kabisa. Siku ya 17 ni mapema mno kuuhukumu uso. Tena, hata uvimbe ukiisha, ubongo uliouzoea uso mmoja kwa miaka 23 unahitaji muda wa kuzoea mwingine. Acha kujitazama kila saa. Piga picha moja kila Ijumaa, mahali pamoja, kwenye mwanga uleule, na uzilinganishe baada ya miezi miwili.

Uliuliza kama ulikosea. Sitakujibu leo, na wewe usijijibu leo. Mtu ambaye hajashiba kwa siku 17, analala ameegemea mito, hawezi kuzungumza kwa uwazi, na pengine ameacha juzi tu dawa za steroidi alizopewa kupunguza uvimbe, hana utulivu wa kupima uamuzi mkubwa wa maisha yake. Majuto ya wiki za mwanzo huwapata wengi, hata wale ambao baadaye hufurahia matokeo. Lakini huzuni ikizidi kukomaa badala ya kulegea, ukakosa hamu ya chakula au ukaanza kuona afadhali usingekuwapo, mweleze mtu wa nyumbani na umwone daktari siku hiyo hiyo, kwa uzito uleule ambao ungeupa homa kali.

SWALI: Mimi ni mama wa Tanga. Kijana wangu wa miaka 19 ana wiki ya pili tangu apasuliwe taya, na meno yamefungwa kwa mipira midogo. Amekonda, uji ameuchoka, na mimi ninaogopa akitapika atapaliwa. Tuliporuhusiwa hospitali tuliambiwa tu kwamba ale vitu laini.

JIBU: Mama, maneno "vitu laini" yamewatesa wagonjwa wengi, maana wali nao ni laini na bado unahitaji kutafunwa. Kwa sasa chakula chake kiwe kile kinachoweza kupita kwenye chujio la chai. Kupungua kilo chache ni jambo la kawaida, ila tatizo la uji mtupu ni kwamba unajaza tumbo bila kujenga mwili. Uji wa ulezi upikwe kwa maziwa badala ya maji, utiwe kijiko cha karanga zilizosagwa hadi zikalainika kabisa. Mtori wa ndizi na nyama, ukisagwa kwenye blenda na kulegezwa kwa supu yake, ni chakula kamili. Huko kwenu Tanga, mchuzi wa samaki wa tui la nazi hautapungukiwa na chochote, mradi samaki atolewe miba yote na mchuzi uchujwe mara mbili. Maharage, parachichi na maziwa mgando navyo vinafaa. Mpe kidogo kidogo, mara sita au saba kwa siku, vya chumvi na vya sukari kwa zamu, kwa sababu kinachowashinda wagonjwa hawa ni utamu wa mfululizo. Kikombe kikimshinda, tumia bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, lenye kimpira laini mbele yake. Mrija usubiri mpaka daktari auruhusu.

Mipira hiyo inaielekeza misuli ilizoee taya mahali pake papya. Mfupa wenyewe umeshikwa kwa vibati na skrubu za titani, ambavyo vinatosha kuutuliza lakini havikutengenezwa kwa ajili ya muhogo wala mahindi ya kuchoma, na mfupa huchukua takriban wiki sita kushikamana vya kutosha. Akisikia kichefuchefu, ainame mbele. Matapishi ya chakula cha majimaji hupita katikati ya meno na pembeni mwa mashavu. Wekeni mkasi mdogo karibu na kitanda ili mipira ikatwe ikibidi, na muulizeni daktari awaonyeshe ni ipi ya kukata. Kila baada ya kula, hata usiku, asukutue kwa maji ya chumvi ya vuguvugu na apige mswaki mdogo wa mtoto wenye nywele laini, kwani uji uliolala kwenye mshono huleta usaha.

Mrudisheni hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki endapo uvimbe uliokuwa unapungua utaanza kupanda tena, akipata homa, usaha au damu mbichi isiyokoma, au akiwaambia kwamba meno hayakutani kama jana. Akishindwa kupumua, hiyo ni dharura ya dakika ile ile.

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Unguja. Nilipasuliwa taya la juu wiki tatu zilizopita. Je, ninaweza kurudi darasani, na Ramadhani ikiingia nifunge?

JIBU: Mwalimu, kuhusu saumu, Qurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, nami kwa upande wa tiba ningependa uitumie ruhusa hiyo mpaka uweze kula daku ya kutosha na uzito wako uache kushuka. Kazi ya ofisini wengi huirudia baada ya wiki mbili hadi nne. Ya kusema mchana kutwa huchosha zaidi, hivyo omba vipindi vichache kwanza. Jambo moja usilipuuze: taya la juu limepakana na mapango ya hewa yaliyo kando ya pua, na kupenga kamasi kwa nguvu kunaweza kusukuma hewa chini ya ngozi ya shavu, ukaamka jicho limevimba. Usipenge mpaka daktari akuruhusu. Kamasi zifute tu. Chafya ikija, usiizuie, ipige kinywa kikiwa wazi kadiri mipira inavyoruhusu. Na kwa kuwa vumbi la chaki halina huruma na pua, mpe mwanafunzi mmoja wa mbele kazi ya kufuta ubao, wewe ukasimame karibu na dirisha.