Shibli alikula wapi?

Mwanangu Salma,

Salamu zako zimefika, na maswali yako pia. Umeuliza huyu Shibli Nomani ninayemtaja kila siku, bingwa wa ushairi wa Kiajemi, alikula wapi kwa lugha iliyokwisha kufukuzwa mahakamani, na kama nitakasirika ukiacha sheria ukasome Kiajemi. Nianze na la kwanza, maana la pili linanipa tumbo joto.

Naye alianzia kwenye sheria. Alizaliwa 1857 katika kijiji cha Bindwal, Azamgarh, kaskazini mwa India. Miaka 20 nyuma, 1837, Kampuni ya Waingereza iliyotawala India ilikuwa imeanza kukiondoa Kiajemi mahakamani na ofisini. Baba yake, wakili, akataka mwana ashike njia hiyo hiyo. Kijana akafanya mtihani, akafaulu, akaijaribu kazi, roho ikakataa. Mwaka 1883 akaenda kufundisha chuo cha Aligarh, akakaa mpaka 1898. Basi alikula mshahara wa ualimu, Salma. Saadi na Hafiz, washairi wa Kiajemi aliowapenda, hawakumlipa kitu.

Kisa chake nikipendacho ni cha baharini. Mei 1892 alipanda meli kwenda Istanbul, Sham na Misri, akiwa na Mwingereza Thomas Arnold, mwalimu mwenzake. Njiani injini ikafa. Shibli akapata kiwewe, akamkimbilia Arnold, akamkuta ametulia anasoma kitabu. Hajui kama meli imeharibika? Anajua, lakini kama ni ya kuzama, muda mfupi uliobaki ndio usiofaa kupotezwa. Shibli aliyaandika haya mwenyewe kwenye kitabu cha safari, na hakuificha hofu yake. Hapo ndipo nilipompenda.

Kazi yake kubwa ni Shi'r al-Ajam, yaani ushairi wa Waajemi, majuzuu matano. Wakati huo alikuwa na mguu mmoja: 1907 bunduki ilifyatuka nyumbani kwa bahati mbaya, mguu ukakatwa. Juzuu la mwisho lilitoka yeye ameshazikwa, maana alifariki Novemba 1914. Aliandika kwa Kiurdu, ili watu wa kwao waonje. E. G. Browne wa Cambridge, bingwa wa fani hiyo hiyo, alimsifu. Mimi na Kiurdu changu cha dukani huenda ukurasa mmoja kwa jioni nzima, lakini akishika beti moja kuifungua, unaona kwa nini neno hili limekaa hapa na si pale.

Kwenye tarehe na visa vya washairi, hapo umwangalie. Msomi mmoja wa baadaye, Hafiz Mahmud Sherani, alikuja kumpekua kosa kwa kosa, na mengi alikuwa na haki. Usome wote wawili.

Unasema pia Kiajemi kiko mbali nasi. Bandari, serikali, rangi, bahati: tumeyatoa wapi? Hata Bustani, ndilo jina Saadi alilokipa kitabu chake.

Sasa la pili. Sikasiriki. Lakini umebakiza mwaka mmoja na ada nimekwisha kulipa, kwa hiyo maliza kwanza, cheti ukiweke kabatini. Kiajemi uanze usiku, hata leo. Kamusi yangu nitakutumia kwa basi la Ijumaa, jalada limeachia kidogo, uishike kwa chini.

Mama yako bado hajui. Usimpigie simu mpaka nikuambie nimeshazungumza naye.

Baba yako