Kabla hujawawekea watoto The Sound of Magic

Kila Desemba shule zikifungwa, naulizwa swali lilelile na dada zangu na majirani: nitajie sizoni ya Kikorea ya kuangalia na watoto, isiwe ya damu wala ya kukimbizana na rimoti kila watu wakisogeleana. Siku hizi nina jibu moja, The Sound of Magic, ila silitoi bila masharti.

Ni fupi. Ina episodi 6 tu na ilitoka Netflix Mei 2022, kwa hiyo sisi tuliozoea zile za episodi 16 tunaimaliza wikiendi moja bila kuua bando. Imetokana na katuni ya mtandaoni ya Ha Il-kwon, na mwongozaji ni Kim Sung-yoon, yuleyule wa sizoni ya Itaewon Class. Usitegemee zifanane. Humu watu wanaimba.

Na kwa sababu wanaimba, usiangalie iliyoingizwa sauti. Najua wengi wetu tumeingia kwenye Kikorea kupitia maDJ wanaotutafsiria kwa Kiswahili juu ya picha, na mimi ni mmojawapo, lakini DJ akianza kuongea juu ya wimbo unabaki unatazama watu wanafungua midomo. Yale ambayo watoto wa kwenye hadithi hawawezi kumwambia mtu yeyote wanayasema kwenye nyimbo. Weka sauti ya Kikorea, soma maandishi ya chini, na kama kuna asiyesoma haraka, msomee.

Hadithi yenyewe ni ya Yoon Ah-yi, binti wa sekondari. Mama kaondoka, baba anajificha kwa sababu ya madeni, kabaki yeye na mdogo wake wa kike. Kodi ya nyumba iko palepale, na hata soksi za shule zikitoboka ni tatizo la kukosesha usingizi. Anakutana na Ri-eul, mwanamazingaombwe anayeishi kwenye bustani ya michezo iliyotelekezwa, ameigizwa na Ji Chang-wook. Binti anatamani akue haraka ili shida ziishe. Ri-eul ni mtu mzima anayetamani abaki mtoto. Hampi binti utajiri. Anampa dakika chache za kusahau, farasi wa bembea wanawaka taa na kuzunguka, kisha Ah-yi anarudi kwenye nyumba ileile.

Kuna mama mmoja wa kanisani aliniuliza kama ndani yake mna uchawi. Hamna uchawi wa kuroga watu. Ni mazingaombwe kama ya jukwaani, na waliyemwita kuyabuni ni Lee Eun-gyeol, mwanamazingaombwe mashuhuri huko Korea.

Lakini wasioingia sekondari waache kwanza. Ndani kuna mwanafunzi aliyepotea, na kuna sehemu mwenye duka anakofanya kazi Ah-yi anamtaka kwa nguvu. Hapo mimi nilisimamisha picha. Sikuwaziba macho. Niliwaambia tu mabinti waliokuwepo kwamba bosi akikuita stoo usiku na roho ikakataa, hakuna adabu ya kumlindia, unatoka, mshahara tutaudai baadaye. Halafu nikabonyeza tuendelee. Mzazi ambaye hawezi kukaa hapo sebuleni na watoto asiwawekee.

Sasa, kilichonifanya niipende si Ah-yi. Ni Na Il-deung, mwanafunzi anayeongoza darasani, mtoto wa watu wenye nazo, ambaye amepangiwa maisha tangu hajajua kuvaa viatu. Kuna wimbo wake kuhusu barabara ya lami iliyonyooka, baridi, isiyo na kona, na pembeni maua ambayo haruhusiwi kwenda kuyatazama. Kwa mtu asiyejua Korea anaweza kuona wanazidisha chumvi. Huko mtihani wa kuingia chuo kikuu, wanaouita suneung, hufanyika Novemba, na wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza ndege haziruhusiwi kuruka wala kutua. Nchi nzima inanyamaza kwa ajili ya watahiniwa. Il-deung amekulia ndani ya ukimya huo.

Niliiangalia na mtoto wa dada yangu aliyekuwa anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Wimbo ulipoisha hakuniangalia, alikuwa anachuna ukucha. "Ma'mdogo, hivi mtu akikataa kusomea udaktari anakuwa amemkosea baba?" Baba yake, shemeji yangu, alikuwa kibarazani, anasikia kila kitu. Nikamuuliza, "Wewe unataka kusomea nini?" Akasema umeme. Basi. Ushauri wangu mkubwa ni huu: mtoto akifungua mdomo wakati wa sizoni hii, usimhubirie. Uliza swali moja fupi, nyamaza, acha episodi iendelee. Shemeji naye alikuja kukaa nasi episodi iliyofuata, akasema amefuata feni.

Ina udhaifu wake. Habari za polisi zimebanwa mwishoni, na kama umezoea sizoni za upelelezi utaona wamelipua. Pia usiikalie kungoja uambiwe kama mazingaombwe ya Ri-eul ni ya kweli au la, maana hawasemi, na kuna watu nyumbani kwangu walikasirika. Kwa nini Ri-eul anamwelewa Il-deung kuliko mtu yeyote, hilo linajibiwa vizuri, na wala usiende kulitafuta mtandaoni kabla.

Mkiimaliza mkataka nyingine yenye matakwa ya watu, If You Wish Upon Me ya kituo cha televisheni cha KBS2 huko Korea nayo ni ya 2022, na Ji Chang-wook yumo tena, safari hii kijana aliyetoka jela anayepelekwa kufanya kazi hospitali ya wagonjwa wasiopona, na timu pale inawatimizia matakwa yao ya mwisho. Ni nzuri sana, ila ina episodi 16 za vilio. Kama nyumbani kuna msiba wa karibuni, iache mpaka mwakani.