Chora M na W kwanza

Kazi yangu ya kwanza ya fonti za vitone, yaani herufi zinazochorwa kitone kwa kitone kama za gemu za zamani, haikuwa gemu. Ilikuwa kibao cha taa cha muuza samaki pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza: kipande kimoja cha P10, aina ya kibao cha taa za LED, taa 32 kwa upana na 16 kwenda juu. Mwenyewe alitaka neno moja tu, SAMAKI.

Kwa fonti ya kawaida ya 5 kwa 7 (vitone 5 kwa upana, 7 kwenda juu), kila herufi ikiwa na upana uleule na kitone kimoja cha kuzitenganisha, neno hilo linakula vitone 35. Halikuenea. Nikakimbilia fonti ndogo ya 3 kwa 5. Likaenea vizuri, lakini ukisimama ng'ambo ya barabara unasoma SAHAKI. Kwenye fonti ile M na H zinatofautiana kwa kitone kimoja. W na H vilevile.

Dawa ilikuwa kwenye I. Safu moja ya vitone inaitosha kabisa. Nikarudia 5 kwa 7, nikaikondesha I, neno likawa vitone 31. Susan Kare, mbunifu wa michoro wa Apple, alifanya jambo la aina hiyo alipochora fonti za kompyuta ya Macintosh ya 1984: i ikapata upana wake na m wake, badala ya kila herufi kubanwa kwenye kisanduku cha kipimo kimoja.

Kwa hiyo usipakue fonti kwa sababu tu herufi zake zinakukumbusha gemu za zamani. Iandikie kwanza maneno yako: Mwanza, mwalo, wamewasili, mwambao. Kiswahili kina maneno mengi yanayoanza kwa m na w, na hizo ndizo herufi zinazoteseka kwanza nafasi ikibana.

Halafu kuna ng'. Gemu ya simu ninayotengeneza sasa ni ya wavuvi wa dagaa, na herufi zake ni 8 kwa 8. Ritifaa, ile alama ya ' kwenye ng', ikapewa kisanduku kizima, ng'ambo ikasomeka kama maneno mawili. Nikaihamishia kwenye kona ya juu ya kisanduku cha g, pakatulia.

Kuhusu ukubwa, fonti ya 8 kwa 8 ikuze iwe 16, 24 au 32. Ukiiweka 12, kila kitone kinatakiwa kuwa kimoja na nusu, na simu haina nusu ya kitone: itapaka ukungu pembeni au itanenepesha mguu mmoja wa M. Zima pia ulainishaji wa kingo (anti-aliasing), unaopaka ukungu huo pembeni mwa herufi.

Ukitaka pa kuanzia, fonti iitwayo Press Start 2P ni ya bure na leseni yake inaruhusu kuitia kwenye gemu unayouza. Ukiibadilisha, ipe jina jingine.

Kibao kikiwa tayari, usikikague ukiwa mezani. Mimi hukiwasha saa saba mchana, jua la ziwani likiwa kali, navuka barabara na kumwomba dereva wa bodaboda anisomee. Akisita kwenye neno, narudi kuchora.