Safu ya Lishe: Nani Amepungua Kweli, Mimi au Mume Wangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tulianza kupunguza uzito siku moja, lakini kila mmoja akashika njia yake. Yeye ameacha mkate, wali, viazi, sukari na hata maharage, akabaki na nyama, samaki, mayai na mboga za majani, na mafuta anatumia apendavyo. Mimi ninakula vyakula vyote kama zamani, ila nimepunguza kiasi na nimeacha kutafunatafuna kati ya mlo na mlo. Baada ya wiki tatu yeye amepungua kilo 5, mimi kilo moja na nusu. Kila asubuhi akishuka kwenye mizani hunitangazia namba yake, kisha hunikumbusha kwamba mafuta hayamnenepeshi mtu, wanga ndio unaonenepesha, na kwamba ninajitesa bure. Je, asemayo ni kweli? Na kwa nini kinywa chake kinatoa harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, hata akiwa ametoka kupiga mswaki?

JIBU: Dada msomaji, nianze na hiyo mizani, kwa kuwa ndiyo iliyowagombanisha. Mizani hupima kila kilichosimama juu yake, yaani mafuta, misuli, maji na hata chakula ambacho bado kimo tumboni, wala haina namna ya kuwaambia ni kipi kilichopungua. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, akiba ambayo kwa mtu mzima hukaribia nusu kilo, na kila gramu moja yake hushikamana na gramu zipatazo tatu za maji. Mtu anapoacha wanga ghafla, sehemu kubwa ya akiba hiyo hutumika katika siku chache na maji yake huachiliwa. Tena, kwa kuwa insulini, homoni ya kongosho inayosimamia sukari ya damu, hushuka, figo hutoa chumvi zaidi, na chumvi haitoki bila maji. Kwa hiyo kati ya zile kilo 5 anazokutangazia, mbili hivi huenda ni maji, nayo yatarudi siku chache tu baada ya yeye kurudia wali na mkate. Hukunitajia uzito wenu mlipoanza, lakini ikiwa mwili wake ni mkubwa kuliko wako, hutumia nishati nyingi zaidi hata akiwa amelala. Nusu kilo kwa wiki, ambayo ndiyo kasi yako, si ya kuonea haya hata kidogo.

Harufu hiyo ni ya asetoni. Wanga unapokuwa kidogo sana, ini hugeuza mafuta kuwa ketoni ili zitumiwe kama nishati, na moja ya ketoni hizo ni asetoni, ile ile inayotumika kuondolea rangi ya kucha. Hutoka kwa pumzi, si kwa uchafu wa meno, ndiyo maana mswaki hauisaidii.

Hata hivyo, sitaki umshinde mumeo kwa hoja ya maji peke yake, kwa sababu njia yake ina nguvu ya kweli. Protini hushibisha, na mtu aliyekataa wanga huwa amekataa kwa neno moja soda, biskuti, keki na vitu vingine vingi ambavyo wewe hulazimika kuvikataa kimoja kimoja. Njia yenyewe si ngeni: mwaka 1863, mjini London, mshughulikia mazishi mmoja aitwaye William Banting, ambaye kwa unene alishindwa kuinama kufunga viatu na alishuka ngazi kinyumenyume, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari na viazi. Tangu hapo wanga (huu wa chakula, si wale wa usiku) umeshtakiwa tena na tena.

Ushahidi wa majaribio ni mpole kuliko mashtaka. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba waliopunguza wanga walitangulia katika miezi 3 na 6 ya mwanzo, lakini ulipotimia mwaka mmoja tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuhesabika. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya jaribio la watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12: waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3. Linalonivutia mimi si wastani huo bali kilichotokea ndani ya kila kundi, kwani katika makundi yote mawili wapo waliopungua kilo kama 30 na wapo walioongezeka. Vipimo vya vinasaba na vya insulini vilivyochukuliwa mwanzoni havikuweza kubashiri nani angefaa njia ipi.

Ama dai lake kwamba mafuta hayanenepeshi, hapo amekosea. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4. Mwaka 2021 mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwaweka watu 20 wodini wakawaacha wale watakavyo, wiki 2 chakula chenye mafuta kidogo na wanga mwingi kitokanacho na mimea, wiki 2 chakula chenye wanga kidogo sana. Walipokula wanga mwingi insulini yao ilipanda, lakini walikula pungufu kwa takriban kalori 700 kwa siku. Jaribio lilikuwa fupi, nakiri, ila nadharia ya wanaoulaumu wanga kama mumeo, kwamba insulini ikipanda njaa huzidi na mtu hunenepa, ingetabiri kinyume chake.

Kwa hiyo mwache aendelee kama hasikii njaa, ila arudishe maharage mezani, maana nyuzinyuzi zake atazihitaji choo kitakapokuwa kigumu. Nawe hakikisha kila mlo wako una protini ya kutosha ili usipoteze misuli. Pimeni uzito mara moja kwa wiki, saa ile ile, na kila mwezi mpime viuno kwa futi ya fundi cherehani. Ubingwa huo mtaujadili baada ya mwaka.

SWALI: Nina kisukari cha aina ya pili na ninatumia dawa. Je, naweza kuacha wanga kuanzia kesho?

JIBU: Kesho, hapana. Kupunguza wanga kunaweza kushusha sukari ya damu vizuri, na hapo ndipo ilipo hatari: anayetumia insulini, au vidonge vinavyoilazimisha kongosho kuitoa, asipopunguziwa dozi sukari yake inaweza kushuka hadi akazirai. Zipo pia dawa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, ambazo zikikutana na mlo usio na wanga zinaweza kuifanya damu iwe na asidi nyingi hata kama kipimo cha sukari kinaonekana cha kawaida. Mpelekee daktari wako majina ya dawa zako zote, mpange dozi kwanza, ndipo ubadilishe sahani.