Borrow ama lend? Majibu ya maswali yenu ya Kizungu

Wiki hii karibu nyote mmeuliza kuhusu vitenzi vinavyofanana, na mimi naona jibu la mengi mko nalo tayari kwa Kiswahili chenu, wacha tuone.

Mwalimu, nilimwambia bosi "borrow me 500 bob" ofisi nzima ikacheka. Shida ni nini? (Kayole)

Pole sana, na usiwache kuongea Kizungu kwa sababu walicheka. Kinachokuchanganya ni kuazima, kwa sababu naazima kalamu kwako na pia nakwambia niazime kalamu, neno ni hilo hilo pande zote mbili. Kizungu hakikubali hivyo. Weka kuazima kando, fikiria kukopa na kukopesha: anayechukua anakopa, hiyo ni "borrow", anayetoa anakopesha, hiyo ni "lend". HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, ndio wana-lend, mwanafunzi ndio ana-borrow. Kwa hivyo bosi unamwambia "please lend me 500 bob" ama "can I borrow 500 bob from you?" Na ukitaka kusema alishakukopesha ni "he lent me", hakuna "lended".

"She told that anakuja" ni makosa? (Githurai)

Ndio. "Tell" ni kuambia, na kuambia lazima kuwe na mtu, wewe mwenyewe huwezi sema "aliambia kwamba anakuja", utasema aliniambia. Basi "she told me". "Say" ni kusema, "she said she was coming" inatosha, na ukitaka kutaja mtu unaweka "to", yaani "she said to me". Kuna chache zinakataa hiyo sheria kama "tell the truth", "tell a lie" na "tell a story", hizo shika tu kwa kichwa.

Remember me ama remind me? (Umoja)

Kumbuka ni "remember", kumbusha ni "remind". "Remind me to buy unga." Ile "remember me to your mum" iko, lakini maana yake ni nisalimie mamako.

Rise na raise, lie na lay, hizi zimenishinda kabisa mwalimu. (Eastleigh)

Hazijakushinda, angalia tu nani anafanya kitendo na kinampata nani. Bei ikipanda yenyewe ni "rise", mtu akipandisha ni "raise". EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, wakitangaza bei mpya tarehe 14 unaweza sema "petrol prices have risen" ama "EPRA has raised petrol prices", habari ni moja lakini ya pili inataja aliyepandisha. Rise, rose, risen. Raise, raised, raised.

Sasa kulala na kulaza. "Lie down" ni lala chini, "lay the baby on the bed" ni laza mtoto kitandani. Hadi hapo ni rahisi, balaa inaanza ukienda kwa jana, kwa sababu "lie" ya jana inageuka kuwa "lay": "yesterday I lay on the couch all afternoon", nililala kwa kochi. Kumlaza mtoto jana ni "I laid the baby". Halafu kuna "lie" nyingine ya kudanganya, hiyo ya jana ni "lied". Hata Waingereza na Wamarekani wenyewe wanazichanganya hizi kila siku, kwa hivyo usijidharau, andika sentensi zako tatu za hapo nyumbani uzisome kwa sauti mpaka mdomo uzoee.

Je, "add me tea" ni sawa? (South B)

Nairobi kila mtu atakuelewa na chai utaongezwa. Lakini kwa intavyu ama ule mtihani wa Kizungu wa IELTS sema "could I have some more tea, please?", maana kwa Kizungu cha mtihani "add me" ni kama wewe ndio unaongezwa mahali, vile unaongezwa kwa grupu ya WhatsApp.

Bring na take? (Rongai)

Leta na peleka. Ukiwa kwa simu na mwenye mzigo, vile unamwambia "nitakuletea kesho" ndio pia unasema "I'll bring it to you tomorrow". Ukimwelezea mtu mwingine kwamba mzigo unaenda Nakuru, hapo ni "I'm taking it to Nakuru".