Kadi 150 zenye kuandikwa «Mahari»

Mimi nachapaka makaratasi ya watu hapa Bukavu, upande wa Nyawera: barua za kuomba kazi, TFC za wanafunzi (kazi ya kuandika ya kumaliza masomo), kadi za arusi. Siku moja nilichapa kadi 150, nikasoma mara mbili, nikaona iko muzuri, nikazitosha. Bibi arusi akakuja kuzichukua, akasoma moja palepale ku mulango akaanza kucheka: «Yaya, sasa wageni nabo balete mahari?» Naangalia, pale pa kuandika Mahali: sale ya parokia, niliandika Mahari. Karatasi ya kadi haiko bure, nililipa mimi mwenyewe.

L na R zinatuchanganyaka wengi hapa, lakini ile haikuwa shida yenyewe. Shida ni kwamba nilisoma mara mbili na sikuona kitu, ju macho ilikuwa inajua tayari nilitaka kusema nini, inasoma kile kiko mu kichwa tu. Na mashini haikunisaidia: mahari ni neno safi ya Kiswahili, imekaa tu fasi haiko yake. Tena ordinateri zetu ziko mu Kifaransa, ukiandika Kiswahili inapiga musitari mwekundu chini ya kila neno mupaka unazoea, hauoni tena ile nyekundu.

Sasa nafanya hivi: natosha moja tu mbele, naiweka kidole, nasoma kwa sauti polepole, hata kama mwenye kazi amesimama pale anasema fanya mbio (huyo njo anakuletea makosa, mwambie aende kunywa chai). Ulimi unakwama fasi macho inapita. Kama kuko wakati naacha barua ilale, nasoma asubui.

Lakini sauti nayo haimalizi yote. Mu Kifaransa, «a» na «à» zinasikilika sawasawa, «ces» na «ses» pia. Kwa «a» mimi naweka «avait» pa fasi yake: kama inakubali, hakuna alama, kama inakataa, weka alama. Majina na tarehe nazo nasoma kivyake, bila kusoma barua, nahakikisha kama ile tarehe ni siku ya posho (jumamosi) kweli. Na saa, angalia sana! Ku klavye ya AZERTY (ile ya Kifaransa) usipofinya majiskile (Shift), 14 inatoka &'.

Kitu kimenisaidia kupita vyote ni mutoto wa dada yangu, yuko darasa ya sita. Hajui barua inaomba nini, hana haraka, na kila kosa anaona namupa franka 200. Juma iliyopita aliondoka na 1400 ku barua ya ukurasa moja, na mimi nilikuwa nimeisha kuiweka mu ambalopi.